Uzi wa Kumpimia Kibwana

Mkwiro,
2 Septemba 1963

Kwa Baba Kibwana,

Salamu zako zimefika pamoja na shuka na sukari, nami nimeshukuru. Sisi hapa tu wazima. Baba yangu miguu bado inamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote, jana amenigombeza kwa ajili ya chumvi.

Nina jambo, na nimelizunguka wiki nzima nikitafuta pa kuanzia. Kibwana hakui. Nilikuwa silioni hilo kwa kuwa namwona kila siku. Nimeliona juzi, alipokuja mtoto wa dada yangu Esha kutoka Funzi, yule ambaye Esha alikuwa na mimba yake wakati mimi nina mimba ya Kibwana. Mtoto aliinama kuingia mlangoni. Ana masharubu, Baba Kibwana. Alinisalimu kwa sauti nzito hata nikavuta leso kichwani kama nimeingiliwa na mgeni. Kibwana akamwita kaka.

Wetu ana miaka kumi na sita na bado anaimba kasida kwa sauti nyembamba kama ya wasichana wenzake wa chuo cha Kurani. Kidevu chake kinang'aa kama sahani iliyooshwa. Kama amebaleghe au hakubaleghe mimi siwezi kujua, maana mama haulizi mambo hayo. Wewe ndiwe baba, uulize.

Nampa kijiko cha mafuta ya papa kila asubuhi. Baba asema mafuta hayo ni ya kupaka mashua. Labda, lakini mashua zake hazikuwahi kuoza.

Nimempima kwa uzi, kutoka utosini hadi kisiginoni, nikamwambia ni kipimo cha kanzu. Uzi huo nimeutia humu. Uutundike ukutani, usimame karibu nao, kisha uniambie kama nababaika bure.

Ni mimi mkeo,
Mwanarusi binti Salimu


Mackinnon Road,
15 Septemba 1963

Mama Kibwana,

Uzi umefika. Nimeutundika kwenye msumari karibu na mlango wa banda, na sasa kila dereva anayekuja kuzibiwa pancha huniuliza ni dawa gani ile. Kahindi, yule turniboi, msaidizi wa dereva wa lori la mkaa, anaamini nimelifunga banda kwa dawa lisiibiwe. Sikumkanushia, na tangu siku hiyo hakuna spana iliyopotea.

Nimesimama karibu nao kama ulivyosema. Unanifika kifuani, chini kidogo ya mfuko wa shati. Si kitu. Kwetu sisi ni watu warefu, baba yangu alikuwa akiinama kuingia mlango wa msikiti, nami unanijua. Mwache mtoto ale, alale, akimbie. Na mafuta ya papa uache, mke wangu, kabla hajaanza kuelea.

Hilo la kuuliza nitaliuliza. Nimemwandikia barua yake mwenyewe na kuitia ndani ya hii. Usiifungue. Najua unaishika sasa hivi kwenye mwanga.

Ni mimi,
Matano


Mackinnon Road,
15 Septemba 1963

Mwanangu Kibwana,

Baba yako nakusalimu. Nataka unijibu kwa mkono wako, na usimwonyeshe mamako. Je, siku hizi sauti yako i vipi? Je, kuna mabadiliko yoyote? Na je, una neno lolote ambalo mwana hawezi kumwambia mama, ila babake tu? Usione haya. Mimi nami nilikuwa kijana.

Babako,
Matano


Mkwiro,
1 Oktoba 1963

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeifurahia sana barua yako, ni ya kwanza kuandikiwa mimi peke yangu.

Umeuliza sauti yangu i vipi. Alhamdulillahi ni nzuri. Mwalimu Abdurahman asema tangu yeye awe imamu hapa hajapata kusikia sauti inayopanda kama yangu, na katika maulidi nilisoma peke yangu mpaka wanawake wakapiga vigelegele.

Umeuliza kama kuna mabadiliko yoyote. Yapo. Mwalimu wa hesabu amehamishwa, na mahali pake amekuja Mwalimu Randu, ambaye hapigi.

Umeuliza kama nina neno ambalo siwezi kumwambia mama. Ninalo, na nashukuru umeniuliza. Mama ananipima kanzu. Amenipima mara tatu sasa, kila mara kwa uzi mpya, na kanzu yenyewe sijaiona. Mara nyingine hunipima nikiwa nakula. Naogopa kumuuliza kwa sababu akimaliza kupima hukaa kimya. Kama fedha za kitambaa zimekosekana, mwambie kanzu si lazima.

Tena ujue kwamba nakua vizuri. Katika watoto wa miaka kumi na mitatu wa darasani kwetu, mimi ni wa pili kwa urefu. Wa kwanza ni Mwinga, lakini yeye hanyoi nywele.

Mwanao mtiifu,
Kibwana Matano


Mackinnon Road,
12 Oktoba 1963

Mama Kibwana,

Najua nilimwahidi mtoto siri, lakini barua yake naitia humu. Nimeicheka mbele ya madereva mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikafika mwisho wake, na kicheko kikakatika.

Miaka kumi na mitatu ya nani?

Mimi nilikuwapo, Mwanarusi. Nilisimama nje ya mlango wa chumba hapa hapa Mackinnon Road, mkunga akitoka na kuingia bila kunitazama. Mtoto alipolia nilichukua penseli ya dukani nikaandika siku na mwezi, nikaandika mahali ambapo nilijua hapatapotea. Sijasahau. Mtoto huyu ametoa wapi kumi na mitatu?

Sikukasirika. Nataka kujua tu.

Matano


Mkwiro,
27 Oktoba 1963

Baba Kibwana,

Ni mimi. Nimempunguzia.

Unakumbuka mwaka ule wa hamsini na sita, mama yangu alipougua nikarudi huku kumuuguza, nikamleta Kibwana. Hapa hapakuwa na mtu aliyemwona akiwa mchanga, Esha yuko Funzi, na Baba hahesabu miaka ya wajukuu. Nilimvusha bahari mpaka ng'ambo kumtia shule, na mwalimu aliyekuwa akiandika majina akasema waliozidi miaka saba wamepitwa, darasa la kwanza limejaa. Wa kwetu alikuwa na minane na nusu. Akamtazama, akaona alivyo mdogo wa umbo, akaniuliza, huyu ana mitano? Nikasema sita. Ilinitoka kwa urahisi, kama mtu anayejibu habari za asubuhi. Akaandika.

Njiani kurudi Kibwana aliniuliza, "Mama, mimi nina miaka sita?" Ningesema nini? Angekwenda kumwambia mwalimu. Nikamwambia ndiyo. Nilidhani nitamwambia baadaye, na baadaye ikapita, na kila mwaka nilikuwa nikimwongezea mmoja mmoja juu ya ule uwongo kama mtu anayejenga ghorofa juu ya banda.

Ngoja nikueleze lililonipata Msambweni, ili unicheke, maana nastahili. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali. Nilimwambia twenda kuangaliwa jino. Daktari, mtu mpole, akauliza mbele ya mtoto, ana miaka mingapi? Nikamtazama Kibwana, Kibwana akanitazama. Nikasema kumi na mitatu. Daktari akampima urefu, akampima uzito, akampapasa shingo, akasema kwa miaka kumi na mitatu huyu hana kasoro, bado wakati wake haujafika. Mama, kwani una wasiwasi gani? Nikasema jino. Akalitazama jino, nalo ni zima. Nimekwenda safari nzima, chombo na basi, kumuuliza daktari habari za mtoto ambaye sinaye.

Kibwana alirudi akiruka njia nzima. Yeye hana wasiwasi hata chembe. Wasiwasi wote ninao mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua.

Uzi wa mwezi huu ninao hapa. Ni sawasawa na alama ya ule wa kwanza niliyoitia ukutani. Nimeunyoosha mara mbili.

Unisamehe,
Mwanarusi


Mackinnon Road,
8 Novemba 1963

Mke wangu,

Nimekusamehe kabla sijafika nusu ya barua. Ungesema minane, mtoto angebaki anahesabu kamba za nyavu za babu yake, na leo nisingeandikiwa barua yenye hati safi namna ile. Hayo yamepita. Jingine nitakueleza siku nyingine, kuna lori linapiga honi.

Usimwambie bado. Mtoto ambaye ni wa pili kwa urefu na analala usingizi, kwa nini tumwamshe?

Lakini ile kanzu ni deni juu yetu. Nitanunua kitambaa.

Matano


Mkwiro,
20 Desemba 1963

Baba Kibwana,

Uhuru umefika na Mkwiro. Watoto wa shule walivuka kwenda kuimba bendera ikipanda, na Kibwana alisimamishwa mbele, mstari wa wadogo. Aliimba hata sauti yake nikaijua kutoka mbali. Watu walifurahi sana, nami nilifurahi, ila jicho langu halikutoka kwenye ule mstari.

Sasa sikiliza. Tangu uhuru ulipokaribia vijana wameshikwa na haraka. Watatu wamekwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, na mzee Tembo, aliyesilimu akiwa kijana na kuwashinda wengi kwa kuwahi msikitini, Mungu amrehemu, tumemzika. Mwalimu Abdurahman amehesabu wanaume waliobaki hapa. Ni thelathini na tisa. Nawe wajua, Ijumaa haiswaliwi kwetu pungufu ya wanaume wakazi arobaini waliobaleghe. Basi Ijumaa tatu sasa hapana hotuba hapa. Wenye miguu wanakwenda kwa njia ya miambani mpaka Wasini, ncha ya pili ya kisiwa. Wasio na miguu wanabaki nyumbani.

Baba anabaki. Kila Ijumaa huoga, huvaa kanzu yake, hujifukiza udi, kisha hukaa barazani. Wenzake wakishapita huingia ndani akaivua kanzu na kuikunja. Ningemsikia akigomba ningefurahi. Miaka sabini hakukosa Ijumaa ila akiwa baharini.

Juzi Mwalimu alikuwa hapa barazani, akisema na Baba kwamba mtu akitimiza miaka kumi na mitano huhesabiwa mtu mzima, dalili zimeonekana au hazikuonekana. Akasema, "Laiti mjukuu wako angekuwa mkubwa kidogo." Mimi nilikuwa ndani napepeta mchele. Ungo ulinitoka mkononi.

Mtu wa arobaini anakula uji nyumbani kwangu, Baba Kibwana. Uwongo wangu ndio unaomvua baba yangu kanzu kila Ijumaa.

Mara tatu nimefungua kinywa kumwambia mtoto. Akinitazama namtuma maji. Nachelea shule wasije wakasikia wakamfukuza. Lakini zaidi nachelea kitu kingine. Akijua kwamba ana kumi na sita, atajitazama na kuona ninachokiona mimi.

Mwambie wewe. Mimi nimeshindwa.

Mwanarusi


Mackinnon Road,
3 Januari 1964

Mwanangu Kibwana,

Kahindi anapeleka mkaa Mombasa, na kifurushi hiki atampa nahodha wa Shimoni. Ndani mna kanzu. Imeshonwa kwa kipimo changu mimi, si kwa uzi wa mamako, nawe utaelewa ukimaliza kusoma. Kaa chini kwanza.

Miaka yako si kumi na mitatu. Ni kumi na sita, na mwezi wa tano utaingia kumi na saba. Kama huniamini, fungua sanduku la mamako, lile la arusi, toa kitambaa kilichobandikwa chini ya kifuniko. Utaona maandishi yangu ya penseli. Niliandika asubuhi ile ulipozaliwa.

Mamako aliipunguza ili upate kuingia shule. Alidanganya mara moja kwa ajili yako, na tangu hapo amekuwa akilipa. Nyuzi zile zote zilikuwa ni hofu yake. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki. Lakini kasirika ukiwa unajua kwamba kila uzi alioukata aliniletea mimi, na zote nimezitundika hapa mlangoni, na watu wanadhani ni uganga.

Sasa nisikie jambo ambalo hata mamako hajui, nawe utampa barua hii alisome hapa.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikwenda kuomba kazi ya njia ya reli. Mnyapara alinitazama, akanishika kidevu, akasema, "Rudi kwenu ukanyonye." Watu hamsini wakacheka. Nilikuwa nawafika kiunoni. Sauti yangu ilikuwa kama yako, ila mbaya. Mama yangu alinipeleka kwa waganga wawili, mmoja akanifukiza mpaka nikazimia. Nilirudi kwa mnyapara yule yule nikiwa na miaka kumi na tisa na nusu, akanipa kazi, akaniuliza kama nina mdogo wangu aliyewahi kufika pale. Nikamwambia ninaye.

Nilipomuoa mamako nilikuwa hivi nilivyo, nikaona hakuna haja ya kulitangaza. Alipoanza kuniandikia habari zako ningemwambia siku ya kwanza, asingepata usiku mmoja wa mashaka. Sikumwambia kwa sababu ya kiburi. Nilipenda adhani nilizaliwa mrefu. Basi na mimi nimempunja, naye anisamehe.

Umenifuata mimi, Kibwana. Hukuchelewa, ndivyo tunavyokwenda kwetu.

La mwisho. Babu yako anahitaji mtu wa arobaini. Sikuamrishi. Ukitaka kubaki na kumi na mitatu kwa muda, baki, nami sitasema. Amua wewe.

Babako anayekupenda,
Matano


Mkwiro,
18 Januari 1964

Baba yangu,

Shikamoo.

Nilipoamka siku ile nilikuwa wa pili kwa urefu. Adhuhuri nilipomaliza kusoma nilikuwa mfupi kuliko wote. Sikukua wala sikupungua, nilikuwa nimekaa chini tu kama ulivyosema.

Nilikasirika. Nilikwenda nyuma ya kisiwa, kwenye mawe, nikakaa mpaka alasiri. Nilifikiri juu ya yule mtoto wa mama mdogo Esha niliyemwita kaka. Nilifikiri kwamba vigelegele vya maulidini alipigiwa mtoto, si mimi. Nilirudi nikampa mama barua. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwa mnyapara akaketi. Kisha akalia, kisha akacheka, kisha akasema, "Huyu baba yako, nikimtia mkononi." Mimi sikucheka. Siku mbili nilimjibu ndiyo na hapana tu.

Ijumaa iliyofuata nilimwona babu akikunja kanzu. Nilikuwa nimemwona mara nyingi, nikidhani anaogopa isichafuke.

Niling'oa kifuniko cha sanduku. Mama alikuwa kisimani. Nilikibeba kichwani, nikapita nacho kijijini kote, watu wakiuliza kama tunahama, nikakiweka mbele ya Mwalimu Abdurahman. Aliyasoma maandishi yako mara mbili, akaenda kwenye mwanga akayasoma tena. Nikamwambia kwamba karatasi ya shule inasema jingine, na kwa nini. Akasema, "Shule haikuniuliza, nami siiulizi." Kisha akanishika kichwani kama alivyozoea, akakumbuka, akautoa mkono, akanipa mkono wake kama wanavyopeana wakubwa.

Jana ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani. Babu hawezi kwenda bila kushikwa, basi aliweka mkono begani mwangu tukatoka. Asema bega langu limekaa sawasawa na mkono wake, na nikirefuka itambidi atafute fimbo, kwa hivyo nisifanye haraka. Msikitini Mwalimu alihesabu watu kwa kuwagusa. Alipofika kwangu akasema arobaini. Mzee mmoja safu ya mbele akageuka akasema, "Huyu mtoto?" Babu akamjibu, "Huyu ana miaka zaidi ya meno yako." Watu walicheka, na mimi nilicheka, Baba, na hapo nikaona kwamba hasira imeniisha. Hotuba ilipoanza babu alilia mpaka kanzu ikalowa.

Kanzu uliyoniletea inaburura nusu ya dhiraa. Mama alitaka kuikata. Nimemwambia asikate, aikunje kwa ndani na kuishona kwa uzi wa mkono, pindo lote libaki humo. Alishona jana baada ya kufuturu. Nilikaa karibu naye nikamshikia taa. Hatukusema mengi, lakini alipomaliza aliniuliza kama nitakubali kupimwa mara moja moja, na nimekubali, ila si nikiwa nakula.

Mwanao,
Kibwana Matano, wa arobaini


Mkwiro,
30 Agosti 1964

Baba Kibwana,

Kabla ya yote, uzi. Ukiutia kwenye msumari wako kando ya ule wa mwaka jana, utaona tofauti bila kusogea karibu. Pindo la kanzu nimelifungua mara mbili. Baba amechongesha fimbo, anaigombeza kwamba si laini kama bega.

Sasa nikushitakie. Jana alasiri nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikasikia sauti ya mwanamume barazani, inasoma gazeti na Baba anaitikia. Nzito, ya polepole, inayokwama kidogo kabla ya neno refu. Nikasema, Matano amekuja bila kuniarifu. Niliacha mbuzi ya kukunia na nazi yake hapo. Nilipita mlango wa nyuma, nikaosha mikono na uso, nikavaa leso zile mpya ulizoniletea, nikatia wanja, nikajipaka mafuta mazuri. Moyo unanienda mbio kama mwari. Nikatoka barazani nimejifunika nusu uso, na maneno yangu yote tayari, pamoja na ya mnyapara ambayo bado sijakusamehe.

Alikuwa ni mwanao. Aliinua macho kutoka kwenye gazeti akanitazama, leso, wanja na vyote, akasema kwa sauti hiyo hiyo, "Mama, twenda arusini kwa nani?" Baba alicheka mpaka fimbo ikaanguka.

Sikuona haya. Niliketi palepale kati yao nikamwambia aendelee kusoma, nikafumba macho nikasikiliza.

Wanja bado ninao. Omba ruhusa, banda la pancha mwachie Kahindi, uje.

Mkeo,
Mwanarusi